Panya wa Lugoda

Walikuja siku ya Jumanne, mimi nikiwa uwanjani nachambua maharage. Nilisikia pikipiki ikihangaika na kilima cha kwetu Zombo. Ikazima, ikawashwa, ikazima tena, mwishowe wakashuka wakaisukuma. Walikuwa wawili: mwanamume wa makamo, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo vyote mpaka kooni, na msichana aliyevaa buti za mvua wakati mvua yenyewe haipo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Karibuni jikoni, huku nje jua litawaunguza. Vigoda hivyo hapo, kile cha kushoto kinayumba, kaeni kwa akili."

Mwanamume akakalia kile cha kushoto. Nikainjika chai.

Alisema anaitwa Fortunatus, mtunzaji wa makumbusho madogo pale Mikumi, nyumba vilimowekwa vitu vya marehemu Daktari Lupakisyo. Msichana ni Happiness, kutoka Morogoro, anasomea wanyama wadogo. Walikuwa wanatafuta ukoo wa mtu mmoja aliyemfanyia kazi Daktari zamani, jina lake Melkizedek.

"Ni mume wangu," nikasema. "Ila mmechelewa miaka ishirini na saba."

Wakanipa pole. Nikapokea. Sikuwa nimepewa pole ya Baba Samwel kwa muda mrefu sana, nikajikuta nakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Daktari Lupakisyo hakuwa daktari wa watu, alikuwa bingwa wa wanyama. Na si tembo na simba, hao alisema wana watu wengi wa kuwatazama. Yeye alitaka panya, popo na vile vinyama vyenye pua ndefu. Mtu wa Tukuyu, mrefu, mpole, anakunywa chai bila sukari. Kila kiangazi, tangu mwaka themanini na mbili mpaka themanini na tisa, alipiga hema nyuma ya kanisa letu. Baba Samwel alikuwa mtegaji wake. Nami, kwa kuwa nilimaliza darasa la saba na mwandiko wangu ulisifiwa, nilikuwa mwandishi wa lebo. Lebo ni kikaratasi kigumu kidogo kama kidole gumba, kinafungwa kwa uzi kwenye mguu wa nyuma wa kulia wa mnyama aliyechunwa na kujazwa pamba. Unaandika mahali, tarehe, na aliyemkamata. Kwa penseli tu, maana wino hukimbia.

Fortunatus alieleza kwamba Daktari alipofariki, watoto wake walikusanya kila kitu chake: madaftari ya safari, barua, miwani, chupa ya chai, masanduku ya wanyama. Mwenyewe aliagiza vitu vyake vikae karibu na mahali wanyama walikotoka. Ndiyo maana viko Mikumi.

"Na jina la marehemu mzee tumeliandika ukutani, Bibi. Wasaidizi wa Daktari. Lake ni la kwanza."

Nikaweka kikombe chini. "Limeandikwa kwa nini? Kwa chaki?"

"Kwa rangi, Bibi. Rangi ya mafuta. Halifutiki."

Labda hamtaelewa kwa nini neno hilo lilinikaa. Baba Samwel alifia Tindiga, kwa dada yake, tulikokwenda kulima mpunga. Tukamzika huko huko. Mwaka wa tatu mto ukahama njia, ukapita juu ya makaburi. Nilipokwenda kupalilia kaburi nikakuta mpunga wa watu, umestawi vizuri, na mwenye shamba kijana wa watu hajui lolote. Sikumwambia. Picha ya Baba Samwel tulikuwa nayo moja, mchwa wakaila na fremu yake. Kwa hiyo mume wangu hakuwa mahali popote. Alikuwa kichwani mwangu tu, nacho kichwa chenyewe mnakiona.

Jioni nikampigia mwanangu Samwel, yuko Tunduma, anauza vipuri.

"Mama, makumbusho ya panya?"

"Ya Daktari. Na jina la baba yako liko ukutani."

"Haya Mama, nenda, utanisimulia."

Mpaka leo hajaniuliza nimsimulie.

Alhamisi nikavaa gauni la kanisani, nikafunga kitenge kipya, nikapanda pikipiki ya Zabron mpaka kwenye basi. Mikumi nilifika kabla ya saa nne. Malori yamepangana barabarani kama ng'ombe wanaosubiri josho, utingo wananawa mikono na kununua vitunguu na mayai. Nilivuka barabara hatua kwa hatua, nimeshika kitambaa changu, na hakuna aliyejua kwamba nakwenda kumwona mume wangu.

Nyumba ni ya vyumba vitatu, imepakwa chokaa, ina bati jekundu. Ndani inanukia dawa ya nondo. Fortunatus alinipeleka ukutani moja kwa moja. Nikasoma: Melkizedek, Zombo, mtegaji na mkusanyaji, 1982 hadi 1989. Nikasoma tena. Nikagusa ile herufi ya kwanza kwa kidole, kisha nikaona haya nikarudisha mkono.

"Gusa tu, Bibi," akasema Fortunatus. "Wageni wa kutoka mbugani wanagusa vitu visivyowahusu, sembuse wewe?"

Babu yake Fortunatus alikuja Kilosa kukata mkonge, Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, na alikuwa ameshaanza kunitania kwenye simu nikiwa njiani. "Ila niambie ukweli, mtani. Hawa panya ninyi watu wa milimani mlikuwa mnawala. Hawa wa kwenye kabati ni makombo?"

"Babu yako ndiye aliyekuja na njaa akatufundisha. Sisi tulikuwa tunawazika."

Happiness akacheka mpaka akashika kiuno. Nilimpenda yule mtoto. Kucha zake zilikuwa fupi kama za mtu anayefanya kazi, na goti lake moja lilikuwa na kovu bichi.

Akavuta droo za kabati la chuma moja baada ya nyingine. Wamelala ndani humo wamejipanga kama watoto wa bweni, migongo juu, mikia imenyooka, kila mmoja na lebo yake. Na kwenye lebo, mwandiko wangu. Ile g yangu yenye mkia mrefu, ambayo mwalimu alinichapia asiweze kuninyoosha. Miaka thelathini na kitu nimeandika barua chache na majina ya wagonjwa wa kuombewa. Kumbe mwandiko wangu wa ujana ulikuwa hapa, mamia kwa mamia, unangoja gizani.

"Na huyu, Bibi," Happiness akasema, akatoa kisanduku cha kioo kwa mikono miwili, "huyu ndiye mfalme wao."

Ndani yake panya mmoja. Kahawia, tumbo jeupe, na ncha ya mkia nyeupe kama imechovywa kwenye unga. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kuliko wa kulia.

Nilimjua kabla sijasoma lebo. Nilijua ubavu ule.

"Hajaonekana mwingine popote," akaendelea. "Ni huyu mmoja tu. Soma: Lugoda, msitu wa juu, tarehe kumi na nne Agosti themanini na sita. Mkusanyaji, Melkizedek. Wageni wote wanamwulizia huyu, na wakimwulizia huyu wanamwulizia mzee. Ni kwa ajili ya panya huyu jina la mzee tumeliweka la kwanza."

Nikauliza, "Na wewe umeshawahi kumtafuta?"

"Miaka mitatu, Bibi. Kila kiangazi napanda Lugoda na mitego mia mbili. Siku ishirini, siku thelathini. Mwaka jana mbeba mizigo wangu, Kondo, aliteleza kwenye mawe akavunjika mguu, tukamshusha kwa machela ya miti. Mwezi ujao napanda mara ya mwisho. Nikimkosa, itabidi tuandike kwamba ametoweka duniani."

Nikasema naomba nikapumue nje.

Nilikaa kwenye ngazi. Upande wa pili wa barabara mama mmoja alikuwa anakaanga chipsi, anazigeuza, anazitoa, anazirudisha. Nilikaa mpaka sahani tatu zikauzwa.

Maana mambo yalikuwa hivi. Mwaka ule Daktari aliondoka mwezi wa saba akamwambia Baba Samwel, "Nataka wa msitu wa juu, wa Lugoda. Hawa wa mashambani ninao wa kutosha. Kama Lugoda hakuna kitu, mwakani itabidi nihamie milima mingine." Angerudi Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Baba Samwel akapanda mara mbili, akarudi na homa. Siku kumi na moja amelala, meno yanagongana. Trei ya kuwekea wanyama wa Lugoda ilikuwa tupu. Alhamisi asubuhi niliingia jikoni kuwasha moto, nikakuta mtego wa bati niliouweka mwenyewe nyuma ya kapu la pumba umefunga. Niliuweka kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinanitobolea kapu. Nikampelekea kitandani. Akauangalia ule mkia mweupe. Akaketi, akaomba kisu chake na pamba, akamchuna na kumjaza mwenyewe, mikono inamtetemeka. Ndiyo maana ubavu umevimba. Tumbo akalitia kwenye kichupa chenye dawa, kama Daktari alivyotaka kwa kila mnyama.

Kisha akasema, "Andika Lugoda, Mama Samwel."

"Baba Samwel, mbona nimemtoa jikoni?"

"Andika. Mlima ni ule ule, yeye kashuka tu kutembea."

Nikaandika. Msinione mwongo. Kwetu sisi panya alikuwa panya. Niliona naandika anwani ya kumfurahisha mgeni, kama unavyosema umeshakula ukiwa hujala. Na mwakani Daktari alirudi kwetu, na mwaka uliofuata, na uliofuata.

Sasa pale kwenye ngazi nilikuwa nimeshika vitu viwili na mikono yangu haikutosha. Nikisema, mume wangu ni mdanganyifu, na mahali pekee alipobaki duniani patakuwa mahali pa aibu. Nisiposema, mtoto wa watu atapanda mlima kutafuta kitu kisichowahi kukaa huko. Na ni mimi tu ninayejua. Baba Samwel hayupo, Daktari hayupo. Nikinyamaza hadi siku yangu, limekwisha. Hakuna upweke kama huo, wa kujua neno ambalo hata wa kukusuta hayupo.

Nikarudi ndani. Nikamwambia Happiness, "Daktari alikuwa anaandika matumbo ya wanyama kwenye daftari. Nisomee la huyu."

Akaleta daftari lenye jalada la kijani, kona zimeliwa. Akatafuta namba, akasoma: "Tumboni: pumba za mahindi, nyingi." Akageuza daftari nione. "Halafu ameweka alama ya kuuliza. Alama kubwa, ameikoleza. Sisi tulisema ni chambo cha mtego."

"Chambo chetu hakikuwa na pumba."

"Kilikuwa nini?"

"Karanga zilizokaangwa, zikatwangwa na dagaa. Nilitwanga mwenyewe, kwenye kinu changu, miaka minane. Pumba huwezi kutegea, upepo unapeperusha."

Niliitazama ile alama ya kuuliza. Kumbe Daktari alijua. Alikaa hapo na taa yake, akaona pumba, akajua hakuna pumba msituni, naye hakuuliza. Nilimkumbuka Jumamosi ile, amesimama mlangoni, anamtazama Baba Samwel alivyokonda, kisha akaenda kwenye gari akaleta maziwa ya kopo na dawa. Alama ile alikaa nayo peke yake mpaka akafa. Nami nilikaa na yangu. Tulikuwa tunakunywa chai pamoja.

Fortunatus alikuwa mlangoni na ufagio. Nikasema yote mbele yao wote wawili.

"Bibi," Happiness akasema taratibu, "unasema jikoni?"

"Jikoni. Nyuma ya kapu la pumba."

"Jiko la wapi?"

"Lile ulilonywea chai Jumanne."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Kisha uso ukamkunjika. "Miaka mitatu, Bibi. Kondo mpaka leo anachechemea." Akatoka nje, mlango ukajibamiza nyuma yake. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kwenye jua, mikono kichwani, buti zake zile.

Fortunatus aliegemeza ufagio. Mara hii hakutania.

"Mtalifuta jina lake," nikamwambia. Sikuuliza.

"Sijui, Bibi. Ukuta unaweza kupakwa rangi upya. Kuna wakubwa." Akajikuna kidevu. "Ila lebo haitoki. Hiyo ni sheria ya Daktari mwenyewe, ameiandika daftari la kwanza. Lebo ikishafungwa mguuni haifutwi wala haikatwi, hata ikiwa na makosa. Ukipata jambo jipya unaandika nyingine, unaifunga pale pale juu yake."

Sheria ile niliijua. Ni mimi niliyeambiwa kwanza, siku nilipotaka kufuta kwa raba. Ila nilikuwa nimeisahau.

Happiness alikaa nje muda wa kupika ugali. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa amenawa. Alikwenda kwenye meza ya Daktari, akachukua kikaratasi kipya, akachonga penseli kwa wembe, akavuta kiti.

"Kaa, Bibi. Andika wewe. Mwandiko ni wako."

Nikakaa kwenye kiti cha Daktari. Penseli ilikuwa nyepesi sana. Nikaandika: Jikoni kwa Debora, Zombo. Tarehe ile ile. Debora ndilo jina langu. Herufi zilipinda, ubavu wa maneno ukavimba upande mmoja.

"Na mkusanyaji?" akauliza. Sauti yake ilikuwa bado ya mtu aliyeumia. "Aliyemkamata nani?"

Niliinua penseli. Ningeweza kumwandika Baba Samwel. Hakuna ambaye angenibishia, na moyo ulikuwa unanivuta huko. Lakini mtego niliuweka mimi, na nilishachoka kumwandikia mume wangu mahali ambapo hakuwa.

Nikaandika: Debora.

Happiness alipitisha uzi kwenye tundu, akaufunga kwenye mguu wa kulia wa yule panya, mafundo mawili. Lebo ya kwanza ilikuwa imegeuka njano kama jino, ya pili nyeupe. Zilipoachwa zikalaliana.

Wiki mbili baadaye alikuja Zombo na mitego. Hakupanda Lugoda. Alilala kwangu siku tisa, chumba cha Samwel. Alitega jikoni, ghalani, na kwenye matete nyuma ya choo. Nilitwanga karanga na dagaa, naye akashika mchi akaniambia kiuno kinamwuma, nikamwambia kizazi chenu kiuno ni cha kuvalia shanga tu. Tulicheka. Tulipata panya wa nyumba kumi na wanane, vyura wawili, na kifaranga cha jirani kikabidi kilipiwe maneno mengi. Mwenye mkia mweupe hakuja.

Siku ya kuondoka aliniachia mitego kumi na miwili na daftari jipya. "Uendelee, Bibi, kama hutachoka. Huenda bado yupo."

Ukutani Mikumi, Fortunatus ananiambia, wakubwa hawajaamua. Jina liko.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, napita kwenye mitego nikiwa na tochi ya simu. Nyuma ya kapu la pumba nainama kwa kushika ukuta, goti langu moja halikubali siku hizi. Kisha nakaa kwenye kile kigoda cha kushoto, naandika tarehe na nilichokuta. Halafu namtumia Happiness ujumbe, kidole kimoja kimoja: Leo hakuna.

Siku nyingine jibu linakuja jioni, siku nyingine haliji kabisa. Likija, linasema: Asante Bibi. Umeamkaje?

Nalisoma, nalijibu kwa urefu, kisha natwanga karanga za kesho.